Matofali ya Vidole Viwili

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Marthe amepiga magoti kando ya mto Mutambala, mjini Baraka, mkono wake wa kulia umezama hadi kiwiko ndani ya mdomo wa tanuru. Tanuru hilo liliwashwa Alhamisi, likazibwa kwa udongo Ijumaa ili moto uyaivishe matofali polepole. Leo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mkono wa binadamu haukutarajiwa kuingia mle bila kuungua.

Mkono haukuungua. Mle ndani mlikuwa baridi kama kisimani.

"Fundi," aliita bila kugeuza kichwa. "Kuja uone."

Fundi Ayubu, mwashi kijana kutoka Mboko aliyekuwa akimjengea nyumba, alichomoa matofali mawili katikati ya tanuru akayagonganisha. Hayakulia kama yaliyoiva. Moja likamvunjikia mikononi, na ndani lilikuwa jeusi, bichi, limelowa maji.

"Bilifunguliwa vinywa vyote sita," alisema. "Bakatoa kuni, bakamwanga mayi. Mama Marthe, haya hata nyumba ya kuku itaanguka nayo."

"Tuko na siku ngapi?"

"Unajua mwenyewe, mama."

Alijua. Hukumu ya Shefu Élie, mkuu wa mtaa, ilisomwa hadharani mwezi uliopita, na Marthe aliihifadhi kichwani neno kwa neno. Kiwanja ni kimoja, nacho mzee aliwaachia wanawe wawili, Fabien na Lionel. Kwa hiyo zitasimama nyumba mbili. Ya nyuma, upande wa ziwa, Lionel amekwisha kuijenga. Ya mbele, inayotazama barabara ya Uvira, ni haki ya Marthe, mjane wa Fabien, kwa sharti moja tu: kuta zake ziwe zimefika kimo cha kupokea paa ifikapo Jumamosi saa sita mchana. Zikipungua hata mstari mmoja, kiwanja chote kitakuwa cha Lionel.

Kuta za Marthe zilikuwa zimefika kifuani.

Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Hakulia, wala hakulaani.

"Mwenye kufanya hivi iko nakunywa chai sasa hivi," alisema. "Twende tumusalimie."

* * *

Lionel alikuwa barazani kweli, katika kiti chake cha mbao, na kikombe mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye mitumbwi miwili ya injini kule Kazimia, na maisha yake yote hakuwahi kubeba tofali hata moja kwa mikono yake. Likumbuke jambo hilo, msomaji, kwa kuwa ndilo litakalomwangusha.

"Shemeji, karibu," alisema. "Nadège, letea shemeji kikombe. Anatoka mbali, anatoka ku mto."

"Nani alikuambia natoka ku mto?"

"Miguu yako. Iko na udongo. Na tanuru? Iliiva muzuri?"

"Ilizimwa."

"Aa. Pole sana. Pengine ni mbuzi."

"Mbuzi ya kufungua vinywa sita?"

"Mbuzi ya Baraka iko na akili, shemeji. Kule Tanzania hamukukuwa na mbuzi?" Akamgeukia mwashi. "Na we, Ayubu. Si ni we ulinijengea jiko mwaka juzi, na yale matofali ya Kilembwe? Kazi ya kupendeza. Leo unajengea mukimbizi ukuta pasipo dirisha. Hauna haya?"

Ayubu alitazama pembeni. Ukuta ule ulikuwa mazungumzo ya mtaa mzima. Ulisimama hatua sita kutoka mlango wa Lionel, na siku Ayubu alipouliza dirisha litakaa wapi, Marthe alimjibu hivi: "Hapana dirisha. Akiamka, aone tofali. Akikula, aone tofali. Akikufa, bamupitishe kando ya tofali."

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita alirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mkeka mmoja na sufuria moja, mvua inanyesha, akamwomba shemeji yake alale usiku mmoja tu katika baraza hii. Lionel alimjibu akiwa ameketi katika kiti hiki hiki. "Bwana yako alikufia mu mayi," alisema. "Nenda ulale naye kule."

Maana Fabien, mume wa Marthe, hakuwa na kaburi. Miaka tisa iliyopita aliondoka kambini, akavuka ziwa kuelekea Kazimia ili akitazame kiwanja alichokiacha, na chombo kikapinduka. Aliyeileta habari hiyo kambini alikuwa Lionel. Alileta na shati la buluu la kaka yake, limekauka, limekunjwa vizuri.

Tangu usiku ule wa mvua, Marthe hakuwa anajenga nyumba. Alikuwa analipiza.

"Ile kelele ni ya nini?" aliuliza sasa.

Vibarua wawili walikuwa wakiubomoa ukuta wa mbele wa nyumba ya Lionel kwa nyundo, na kila tofali walilolitoa walilitupa moja kwa moja juu ya msingi wa Marthe.

"Ninafungua mulango ya butiki," alisema Lionel. "Posho, ile Jumamosi ya Shefu, barabara itakuwa yangu, juu ya nini nichelewe? Chukua vile vipande, shemeji. Ni msaada ya familia."

Vibarua walicheka. Tofali moja zima liliviringika, likaja kusimama kwenye vidole vya mguu wa Marthe.

Aliinama akaliokota. Nia yake, na tuiseme wazi, ilikuwa kumpiga nalo Lionel usoni.

Lakini alipolikamata, kidole gumba chake kilizama ndani ya kishimo.

Akatulia. Akaligeuza. Uso wa juu wa tofali ulikuwa umeganda udongo, kwa maana Lionel, alipoijenga nyumba ile, alitumia udongo mtupu badala ya simenti. Marthe alilitumbukiza tofali katika ndoo ya Ayubu, akalisugua kwa kiganja. Udongo ukayeyuka.

Vilionekana vishimo viwili, bega kwa bega. Kimoja kilikuwa cha kidole gumba kikubwa, na katikati yake kovu lililogawanyika kama njia panda. Cha pili kilikuwa cha kidole kidogo, laini, kisicho na kovu.

Marthe akakitia kidole chake katika kile cha pili. Kilibana kidogo, kama kishimo kinavyojikaza tofali likiiva. Kisha kikamkubali chote, mpaka mwisho.

Hakuna aliyejua habari ya vidole vile isipokuwa watu wawili; Lionel, asiyewahi kubeba tofali, hakuwahi kuvigusa. Fabien alikuwa mfyatua matofali, na juu ya kila tofali la kuuza alibonyeza kidole kimoja, ili udongo wa mstari unaofuata upate pa kushika. Lakini matofali ya nyumba yao wenyewe yalipata vidole viwili, chake na cha mkewe, kabla hayajakauka. Siku ya kukimbia vita waliyaacha yamepangwa kiwanjani, rundo refu kuliko mtu, chini ya nyasi. Mwaka haukupita, Lionel akatuma habari kambini: askari wameyachukua yote kujengea kambi yao.

"Ulisema ni basoda," alisema Marthe.

"Basoda gani?"

"Benye kubeba matofali ya Fabien."

Lionel akainua mkono kuwazuia vibarua. "Ninyi, simameni kwanza," alisema, na huo ulikuwa upumbavu wake wa pili, baada ya ule wa kumtupia Marthe matofali hayo, kwani mtu asiye na kosa angewaacha waendelee.

Marthe alimpa Ayubu lile tofali. Kijana akalitazama, akalitazama tena, na rangi ikamtoka usoni. Marthe hakuliona hilo. Hasira ilikuwa imemziba macho.

"Kaa hapa," alimwambia. "Mutu asiguse hata kipande. Naenda kuita Shefu."

* * *

Shefu Élie alikuja na daftari lake kwapani, na nyuma yake nusu ya mtaa. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa kupandisha sauti. Alilitazama tofali pande zote sita kabla ya kusema.

"Bwana Lionel. Hii ni nini?"

"Ni kidole, Shefu. Kila mufyatua matofali iko na kidole."

Watu walicheka. Shefu hakucheka.

"Ya kupasuka katikati?"

"Batu bengi banajikata."

"Tutaona." Shefu akaingia ndani ya nyumba mwenyewe, akaonyesha kwa kalamu. "Toeni moja ile ya pembeni. Moja chini ya dirisha. Na moja pale, juu ya kitanda ya mwenye nyumba."

Yakatolewa matatu, yakaoshwa katika ndoo. Matatu yote yalikuwa na vidole viwili, na matatu yote yalikuwa na njia panda.

"Bado haionyeshi ni ya Fabien," alisema Lionel. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nani iko na kidole ya mufu ya kupimia?"

"Nileteeni," ilisema sauti kutoka chumba cha nyuma.

Alikuwa Mama Espérance, mama mzazi wa Fabien na Lionel, aliyekuwa akitunzwa katika nyumba ile. Macho yake yalikwisha kufa zamani. Nadège, mke wa Lionel, alimshika mkono akamketisha barazani, na Marthe akamwekea tofali mapajani.

Mwanamke mzee alipitisha kidole chake ndani ya kile kishimo kikubwa, mara moja, mara ya pili.

"Alikuwa na miaka saba," alisema. "Alichukua panga ya baba yake. Ni mi nilifunga kile kidonda, na nilikifunga mubaya, kikapona hivi. Ni kidole ya mutoto wangu Fabien." Akainua uso kuelekea mahali alipodhani mwanawe mwingine yupo. "Lionel. Ulilia mbele yangu. Ulisema ni basoda."

Lionel alitazama chini. Midomo yake ilitikisika kama mtu mwenye neno zito la kutoa, kisha ikabanwa. Wengi pale walidhani ni aibu. Marthe naye alidhani hivyo, na alikosea.

"Basi sikilizeni," alisema Shefu Élie. "Tofali ni ya yule aliyeifyatua na kuichoma. Hata ikilala ndani ya ukuta ya mwingine miaka kumi, ni yake. Mama Marthe, unaweza kuomba ulipwe, unaweza kuomba urudishiwe. Unaomba nini?"

"Matofali ya bwana yangu."

"Ngapi?"

"Yote."

Mnong'ono ulipita kati ya watu.

"Mama, ile ni nyumba muzima."

"Sitaki nyumba yake, Shefu. Manjanja ya paa abaki nayo. Milango abaki nayo, na kile kiti yake abaki nacho. Ninataka matofali."

Nadège aliushika mkono wa Marthe. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa tu mke wa Lionel. "Mama Marthe, nakuomba. Mi na batoto tutalala wapi?"

"Kuna mutu alinijibu ile swali, hapa hapa," alisema Marthe. "Muulize bwana yako alinijibu nini."

Nadège aliuachia mkono. Alikuwapo usiku ule, hakuhitaji kuuliza.

"Na mama yako mukwe?" aliuliza Shefu.

"Mama atalala mu chumba yangu. Mi sifukuzi mutu mu mvua."

Shefu aliandika, akafunga daftari. "Ni haki yako," alisema. "Sijasema ni muzuri. Nasema ni haki. Na tarehe haibadiliki: Posho, saa sita."

* * *

Jumanne mabati yaliteremshwa. Jumatano kuta zilianza kuhama.

Ayubu na wasaidizi wake watatu walizifungua kwa mpangilio, mstari kwa mstari, na ubahili wa Lionel ukawa baraka ya Marthe. Kama angalitumia simenti, nusu ya matofali yangalivunjika. Udongo uliyaachia salama, kama ganda la karanga. Kila tofali lilitoka katika nyumba ya nyuma, likaoshwa, likapita mikononi mwa Marthe, likapanda katika nyumba ya mbele. Ukuta usio na dirisha ulizidi kurefuka, na kivuli chake kikaanza kumfikia Lionel miguuni.

Naye Lionel hakuondoka. Nadège na watoto walikwenda kwa ndugu zake. Yeye alibaki ameketi katika kiti chake, kitanda chake nyuma yake, mbele za macho ya kila apitaye.

"Bwana Lionel, jambo," walimsalimu wachuuzi wa muhogo wakikatiza kando ya ukuta. "Leo tulikuona tangu unaamka. Unalaliaka upande wa kushoto, kumbe?"

"Pitani, pitani," alijibu.

"Na ile blanketi, iko na tundu."

Marthe aliyasikia, na moyo wake ulistarehe kwa namna ambayo haukuwa umestarehe miaka tisa. Alhamisi alipita mbele yake na ndoo kichwani, akasimama kidogo.

"Shemeji, chai iko?"

Lionel alimtazama. Ajabu ni kwamba hapakuwa na chuki machoni mwake. Palikuwa na kitu kilichofanana na huruma, na hicho kilimchoma Marthe kuliko tusi.

"Endelea na kazi yako," alisema Lionel. "Ukimaliza nyumba, simamia pale pale. Usiendelee mbele."

"Unanitisha?"

"Nakuomba."

Alicheka akapita.

Ijumaa saa tisa alasiri, ukuta ulibakiza mstari mmoja tu. Na matofali yakaisha.

Ayubu alizunguka mara mbili pale palipokuwa nyumba, akarudi mikono mitupu. "Kulivunjika mingi pale penye balikuwa banafungua mulango ya butiki," alisema. "Tunakosa kama mia moja na makumi."

Marthe aliinua mkono akaonyesha nyuma ya kiwanja. Huko kulikuwa na kitu kimoja kilichosalia kimesimama, kidogo, cheusi kwa moshi.

"Jiko," alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Lionel alisimama kutoka kitini.

"Jiko hapana."

"Shefu alisema yote."

"Alisema yote ya Fabien ya zamani. Chukua milango. Chukua manjanja, uza. Chukua mutumbwi moya ya Kazimia, nakupa mbele ya Shefu. Jiko uache." Na yule mtu mnene, aliyemfukuza mjane mvuani, akateremka kwa tabu akapiga magoti katika vumbi la nyumba yake mwenyewe. "Marthe. Kwa jina ya Mungu. Uache."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu aliporudi. Marthe alimtazama kutoka juu. Mwaka mzima alikuwa ameingoja picha hii: yeye amesimama, Lionel amepiga magoti. Alitaka idumu kidogo.

"Fundi," alisema, "leta nyundo."

Ayubu hakusogea.

"We hausikie?"

"Nasikia, mama." Kijana alikuwa amekamata nyundo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeizuia isimponyoke. "Lakini jiko tuache. Nitakutafutia matofali kwa batu, nitaomba hata kwetu Mboko. Kesho asubuhi itakuwa hapa."

"Na we alikununua?"

"Hapana."

"Basi unamutetea juu ya nini?"

Ayubu alimtazama Lionel, na Lionel akatikisa kichwa: usiseme. Fundi wake na adui yake walikuwa upande mmoja, na Marthe alipoona hivyo alimnyang'anya mwashi ile nyundo.

Alikwenda mwenyewe. Alipiga pembe ya jiko mara tatu, udongo ukaachia, tofali la kwanza likamwangukia mikononi. Akalirudisha penye ndoo, akalizamisha, akalisugua kwa kiganja kama alivyoyasugua mengine yote.

Vishimo viwili. Kimoja kina njia panda.

Alitabasamu. "Unaona," alimwambia Lionel. "Hata jiko. Hata pa kupikia ulimuibia ndugu yako."

"Mama," alisema Ayubu, taratibu sana. "Sikiliza. Ile jiko nilijenga mi mwenyewe, mwaka juzi, mbele urudi. Ile rundo ya zamani ilikuwa ilishaisha mu nyumba. Haya ilikuja na kamio ya mizigo kutoka Kilembwe. Nilishusha na mikono yangu. Ilikuwa mapya, mama. Ilikuwa bado na majivu ya moto. Zile alama niliziona nikasema ni fundi wa Kilembwe anaweka sahihi yake. Sikukuwa namujua bwana yako. Tangu Siku ya Kwanza, penye ulinionyesha ile tofali, niko natafuta namna ya kukuambia."

Marthe alisikia maneno, moja moja, yakipita kama watu asiowajua.

Mwaka juzi. Mapya. Kilembwe.

Mtu aliyekufa majini miaka tisa hafyatui matofali.

Alilitazama tena lile tofali. Kisha, polepole, akakipeleka kidole gumba chake katika kishimo cha pili, kile kidogo, ambacho katika matofali yote ya wiki ile kilimkubali mpaka mwisho.

Kidole kiliingia hadi ukucha, kikakwama.

Akajaribu tena. Kishimo kilikuwa chembamba mno, na kwenye ncha yake palikuwa na mkato mwembamba uliopinda, alama ya ukucha mrefu uliotunzwa. Marthe alikanyaga udongo tangu usichana wake. Hakuwahi kuwa na ukucha wa namna ile.

Tofali la kuuza lilipata kidole kimoja. Vidole viwili vilikuwa vya nyumba ya mtu na mkewe.

"Sema," alimwambia Lionel. Hakupaza sauti.

"Chombo haikupinduka," alisema Lionel akiwa bado magotini. "Alifika Kazimia muzima. Akakuja mpaka hapa usiku, akakuta nyumba yangu imesimama, akajua matofali yake. Nilifikiri ataniua. Akacheka. Akasema: baki nayo, na parsele, hii kiwanja ya baba, ubaki nayo yote. Mi niko na mwanamuke Kilembwe, alitangulia kutoka kambini, na iko na mimba. We unipelekee tu kitu moya kule kambini." Alifuta uso kwa mkono. "Akavua ile shati akanipa. Nililoweka mwenyewe mu ziwa, nikaianika. Na mwaka juzi akanitumia matofali yenye ilibakia ku nyumba yao ya kule. Ile usiku ya mvua nilikufukuza juu nilikuwa siwezi kulala nyumba moya na macho yako."

Marthe aligeuka akautazama ukuta. Ulikuwa mrefu, mnyoofu, hauna dirisha hata moja. Kila tofali lake alikuwa ameliosha kwa mkono wake, kwa ajili ya kumlipia kisasi mume wake.

"Lionel," iliita sauti. Mama Espérance alikuwa ameketi juu ya mkeka kivulini mwa ukuta ule, na wote walikuwa wamemsahau. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele, inatafuta. "Unasema mutoto wangu iko muzima?"

Marthe aliifungua kanga yake ya kiunoni. Akalizungusha tofali ndani yake, akainama, akaliweka mgongoni, akafunga fundo kifuani kama anavyobebwa mtoto mchanga.

"Mama," alisema Ayubu, "na ule ukuta? Kesho saa sita Shefu anakuja kupima. Kunabakia mustari moya."

"Bomoa jiko. Maliza ukuta." Alikuwa amekwisha kuielekea barabara. "Halafu ulizia kule kituoni kamio ya Kilembwe inatoka saa ngapi."